BNP iko juu, shida ni mapafu; BNP iko chini, moyo unashindwa: nifanyeje?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu, huu ni mwaka wangu wa pili katika idara ya dharura. Ndani ya mwezi mmoja nimepata wagonjwa wawili walionivuruga akili. Wa kwanza ni mama wa miaka 71, ana presha na figo zake zina shida ya muda mrefu. Alikuja akihema kwa siku mbili, na kikohozi cha makohozi na joto la 38.3. NT-proBNP yake, kipimo cha damu kinachoonyesha mzigo wa moyo, ilikuwa 1,400. Tukasema moyo umeshindwa, tukampa kwa mshipa furosemaidi, dawa ya kukojoza maji. Siku ya tatu ikadhihirika kuwa ni nimonia, na kreatinini, kipimo cha kazi ya figo, ilikuwa imepanda. Wa pili ni baba wa miaka 46, mnene sana, miguu imevimba, wiki tatu halali mpaka akae kitako. Alitoka hospitali nyingine na karatasi ya BNP, kipimo ndugu wa kile cha kwanza, 85, iliyoandikwa "si moyo", akawa anatibiwa pumu. Tulipompiga eko, yaani ultrasaundi ya moyo, moyo ulikuwa unasukuma asilimia 25 tu ya damu iliyomo. Daktari, kipimo hiki kina faida gani kama kinadanganya pande zote mbili?

Jibu: Marahaba, tabibu. Nimeusoma ujumbe wako zaidi ya mara moja, kwa sababu wagonjwa hawa wawili nimekutana nao tena na tena katika kazi yangu, kwa majina na sura tofauti. Na nikuambie mapema: namba zote mbili zilikuwa za kweli. Mama yule alikuwa na 1,400 kweli, na baba yule alikuwa na 85 kweli. Palipoharibika ni pale tulipozisoma kana kwamba zimeandikwa "moyo umeshindwa" na "moyo haujashindwa". Namba hizi hazisemi hivyo. Zinasema ukuta wa moyo unavutwa kiasi gani, basi. Mengine yote tunayaongeza sisi.

Ngoja nianze na mahali inapotoka BNP, ambayo ni homoni, maana ukishaujua utengenezaji wake, mitego mingi utaitambua mwenyewe bila kukariri.

Mwaka 1981 Adolfo de Bold na wenzake kule Kanada waliwadunga panya majimaji yaliyokamuliwa kutoka kwenye atria, vyumba vya juu vya moyo, na panya wakakojoa chumvi na maji kwa wingi. Hapo ndipo ilipoanza kueleweka kwamba moyo, tuliouzoea kama pampu, ni tezi pia. Mwaka 1988 watafiti wa Japani walipata homoni ya ukoo huohuo katika ubongo wa nguruwe, wakaipa jina la ubongo. Ile herufi B ya BNP ndiko ilikotoka. Baadaye ikaonekana kwamba kwa binadamu chanzo chake kikubwa ni ventrikali, vyumba vya chini vya moyo, lakini jina lilikuwa limeshakaa.

Ventrikali inapojaa kupita kiasi au shinikizo ndani yake linapopanda, msuli unavutika, na seli zake zinaanza kutengeneza protini yenye amino asidi 108. Protini hiyo hukatwa vipande viwili. Kipande cha amino asidi 32 ndicho BNP yenyewe, na ndicho kinachofanya kazi: kinaziamuru figo zitoe chumvi na maji, na kinalegeza mishipa ya damu. Kipande kingine, cha amino asidi 76, ndicho NT-proBNP. Hakina kazi ya homoni, ila kinatoka sawa kwa sawa na mwenzake, ndiyo maana kinatufaa kwa kuhesabia. Tofauti yao iko kwenye kuondoka. BNP huokotwa na vipokezi maalumu na kukatwakatwa na kimeng'enya kiitwacho neprilisini, na nusu yake hupotea kwa dakika 20 hivi. NT-proBNP hukaa saa moja hadi mbili kabla ya kupungua nusu, na hutegemea zaidi figo. Kwa hiyo mgonjwa yuleyule, saa ileile, atakuwa na NT-proBNP iliyo kubwa kuliko BNP mara kadhaa. Usizilinganishe kamwe. Wagonjwa wako wawili walipimwa vitu viwili tofauti, na naomba hilo liwe la kwanza unaloangalia kwenye kila karatasi: ni ipi hii? La pili ni kipimio. Pikogramu kwa mililita na nanogramu kwa lita ni kitu kimoja, lakini maabara nyingine hutoa majibu kwa pikomoli kwa lita, na hapo NT-proBNP ya 300 huandikwa kama 35 hivi. Nimeona mtu akirudishwa nyumbani kwa kosa hilo.

Sasa tuje kwenye mipaka na ushahidi wake. Utafiti uliofungua mlango ulichapishwa mwaka 2002, ukiongozwa na Alan Maisel: wagonjwa 1,586 waliofika idara za dharura kwa kupumua kwa shida, Marekani na Ulaya. Kwa mpaka wa BNP 100, kipimo kiliwanasa 90 kati ya kila 100 waliokuwa na moyo ulioshindwa, na kati ya kila 100 ambao shida yao ilikuwa nyingine, 76 walikuwa chini ya mpaka. Miaka mitatu baadaye kundi la James Januzzi kule Boston likafanya hivyohivyo kwa NT-proBNP kwa watu takriban 600. Kutokana na kazi hiyo na nyingine iliyounganisha wagonjwa 1,256 mwaka 2006, ikapatikana mipaka tunayoitumia hadi leo: chini ya 300, moyo ulioshindwa ghafla una uwezekano mdogo sana kwa umri wowote, na wa kuthibitisha, zaidi ya 450 kwa aliye chini ya miaka 50, zaidi ya 900 kati ya 50 na 75, zaidi ya 1,800 kwa aliyepita 75. Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2021 nao unaweka mipaka ya kuondoa shaka palepale: BNP 100, NT-proBNP 300.

Angalia kwamba mpaka wa kuondoa ni mmoja na wa kuthibitisha ni mitatu. Umri unapandisha namba, figo zinapandisha, vitu vingi vinapandisha. Vinavyoshusha ni vichache. Ndiyo maana namba ya chini ina nguvu kuliko namba ya juu. Namba ya chini kwa mtu asiye na sababu ya kuishusha inakupa ruhusa ya kuuacha moyo na kutafuta kwingine. Namba ya juu inakwambia tu kwamba moyo uko kwenye mzigo, na kazi ya kuuliza ni mzigo gani inabaki kwako.

Lakini hata huo mpaka wa kuondoa usiuchukue kama ukuta. Mwaka 2022 watafiti wa Edinburgh walikusanya wagonjwa 10,369 kutoka tafiti 14 katika nchi 13, wakakuta kwamba chini ya 300 kipimo kinapatia karibu mara 95 kwa 100, na uhakika huo unashuka kwa wanene na kwa waliowahi kuugua moyo kabla. Yaani unashuka hasa kwa watu kama baba yako wa miaka 46.

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo kosa la mgonjwa wa pili lilipofanyika, na ni kosa la hesabu kabla ya kuwa kosa la tiba.

Chukua namba za utafiti ule wa 2002: kipimo kinanasa 90 kwa 100, na kinawaachia 76 kwa 100 wasio nao. Tuseme una wagonjwa 100 ambao, baada ya kuwasikiliza na kuwapima, hujui kabisa, nusu kwa nusu. Hamsini wanao. Kati yao 45 watakuwa juu ya mpaka na 5 chini. Hamsini wasio nao, 12 watakuwa juu na 38 chini. Kwa hiyo walio juu ni 57, na 45 kati yao wanao kweli. Walio chini ni 43, na 5 tu wamekuponyoka. Umeingia na shaka ya nusu, umetoka na uhakika wa karibu asilimia 80 upande mmoja na 88 upande mwingine. Hapo kipimo kimekutumikia vizuri.

Sasa chukua wagonjwa 100 wa aina ya yule baba: miguu imevimba, hawezi kulala chali kwa wiki tatu, pengine mshipa wa shingo umejaa. Tuseme 90 kati yao wana moyo ulioshindwa. Kipimo kitawanasa 81 na kuwaacha 9 chini ya mpaka. Kati ya wale 10 wasio nao, 8 hivi watakuwa chini. Hesabu walio chini ya mpaka: 17, na 9 kati yao wanao. Zaidi ya nusu! Yaani umepata jibu la "chini", na bado mgonjwa ana uwezekano mkubwa kidogo wa kuwa nao kuliko kutokuwa nao. Na hapo sijaugusa unene wake. Aliyeandika "si moyo" kwenye karatasi ile alikuwa na mgonjwa ambaye mwili wake wote ulikuwa unasema ni moyo, akaiachia namba moja iwe na kauli ya mwisho.

Geuza upande wa pili. Wagonjwa 100 ambao unadhani 10 tu ndio wanao, mathalani kijana mwenye pumu ya siku zote na kifua kinachopiga mluzi. Tisa watanaswa, lakini na wengine 22 wasio nao watakuwa juu ya mpaka. Jumla 31 juu, na 9 tu ndio wa kweli. Ukimpima kila anayehema bila kuwaza kwanza, utawatibu moyo watu wengi ambao moyo wao hauna neno.

Kwa sababu hiyo ninawafundisha vijana wangu jambo moja ambalo mwanzoni wanaliona la ajabu: kabla karatasi ya maabara haijarudi, andika kwenye faili namba yako mwenyewe. "Nadhani moyo, 7 kwa 10." Kisha soma BNP. Bila kuandika, ukishaiona 1,400 akili itarudi nyuma na kujiaminisha kwamba tangu mwanzo ulijua. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo kwa miaka. Na tafiti zenyewe zinatuunga mkono: katika ule wa Boston, NT-proBNP peke yake ilimshinda daktari peke yake, lakini vyote viwili pamoja vilishinda kila kimoja.

Turudi kwa yule mama. Kwa umri wake mpaka wa kuthibitisha ni 900, kwa hiyo kwa kitabu mlikuwa sahihi kusema amevuka. Ila kitabu hichohicho kinasema kwamba figo zikiwa zimeshuka, uchujaji chini ya mililita 60 kwa dakika, mpaka wa NT-proBNP usogezwe hadi 1,200 hivi, na wa BNP hadi 200. Hapo amevuka kwa unyayo tu. Na mpaka si mlango wa kusema uko ndani au uko nje. Namba ina uzito kadiri inavyokwenda mbali. Katika ule utafiti wa Boston, mgonjwa wa katikati kati ya waliokuwa na moyo ulioshindwa alikuwa na NT-proBNP ya 4,054, na wa katikati kati ya wengine alikuwa na 131. Elfu moja na mia nne ni njia panda. Ingekuwa 9,000 ningekuwa na mazungumzo mengine na wewe.

Ongeza na maambukizi. Nimonia yenyewe, na zaidi sepsisi, maambukizi yaliyoenea mwilini, hupandisha namba hizi: mapigo yanakwenda mbio, shinikizo la mishipa ya mapafu linapanda, ventrikali ya kulia inalemewa, na uchafuzi wa damu unaumiza msuli wa moyo. Kwa hiyo mama wa miaka 71 mwenye presha, figo dhaifu na nimonia angeweza kufika 1,400 bila moyo wake kuwa ndio chanzo cha pumzi kukata. Joto la 38.3 na makohozi vilikuwa vinakwambia hivyo tangu siku ya kwanza.

Lakini nisiwahukumu kupita kiasi, maana jambo hili lina upande wa pili. Nimonia ni moja ya mambo yanayousukuma moyo uliokuwa unajikongoja mpaka uanguke, na wagonjwa wengi wa umri huo huwa na vyote viwili kitandani kimoja. Swali "ni moyo au ni mapafu?" mara nyingi ndilo bovu. Mlichokosea, kwa maoni yangu, ni kuacha kutafuta mara tu mlipopata jibu moja. Antibayotiki ingeanza siku ile ile, furosemaidi ingekuwa kwa kipimo kinacholingana na maji mliyoyaona mwilini mwake, na kama hamkuyaona, miguu mikavu, shingo haijajaa, basi asingeipata kabisa mpaka picha ya kifua ionekane. Kreatinini iliyopanda siku ya tatu inaelekea ni ya mtu aliyekamuliwa maji ambayo hakuwa nayo ya ziada, huku maambukizi yakiendelea.

Wengine hutumia prokalsitonini, kipimo cha damu kinachopanda kwa maambukizi ya bakteria, kutenganisha nimonia ya bakteria na moyo. Inasaidia ikiwa juu sana au chini sana. Katikati haisemi kitu, na figo mbovu huipandisha nayo. Mimi siipi sauti ya kuamua.

Upande wa yule baba, kitu kikubwa ni unene. Watu wanene huwa na BNP ya chini, na NT-proBNP pia hushuka, jambo linaloonyesha kwamba si suala la homoni kuondolewa haraka tu. Inatengenezwa kidogo pia. Kwa mwenye uwiano wa uzito na kimo wa 35 na zaidi, uchambuzi wa data ya utafiti ule wa 2002 ulionyesha kwamba mpaka wa BNP unapaswa kushuka hadi 54 ili kuwanasa tena 90 kwa 100. Wengine hufanya rahisi: gawa mpaka kwa mbili. Kwa vyovyote vile, 85 ya mtu mnene sana haikuwa namba ya chini. Ilikuwa imevuka.

Wako wengine ambao namba huwa chini na moyo uko taabani, na hawa uwajue kwa sababu, si kwa orodha. BNP haikai imejaa ghalani ikisubiri. Sehemu kubwa hutengenezwa baada ya msuli kuvutwa, na hilo huchukua saa kadhaa. Mgonjwa anayevimba mapafu ghafla, presha 220, povu mdomoni, akafika kwako ndani ya saa moja tangu aanze, anaweza kuwa na namba ya chini kabisa. Niliwahi kumpima mzee mmoja katika hali hiyo, BNP ikarudi 74, na tulipompima tena usiku ilikuwa imeshafika mamia kadhaa. Kama tungesubiri namba ndipo tumtibu, angetufia mbele ya macho. Vilevile, tatizo likiwa kabla ya ventrikali ya kushoto, ukuta wake hauvutwi sana: vali ya mitrali, mlango wa kuingilia ventrikali hiyo, ikisinyaa hujaza mapafu maji huku ventrikali iliyo chini yake ikiwa haijashiba. Maji yanayoubana moyo kwa nje, au gamba lake lililokakamaa, huzuia ukuta usivutike hata kama shinikizo liko juu. Na moyo unaosukuma vizuri lakini umekakamaa, usiolegea kupokea damu, hutoa namba za chini kuliko ule uliotanuka, kwa dalili zilezile.

Walio juu bila moyo wa kushoto kushindwa: donge la damu kwenye mapafu, maana ventrikali ya kulia nayo inavutwa, shinikizo la muda mrefu la mishipa ya mapafu, atria zinazotetemeka ovyo badala ya kupiga kwa mpangilio, shambulio la moyo, kiharusi, upungufu mkubwa wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Donge la damu ndilo ninalolihofia zaidi, kwa sababu linakaa palepale kwenye njia panda, na mgonjwa anahema, na mapafu yanasikika masafi. Pumzi ikiwa ngumu, mapafu masafi na namba ya katikati, jiulize donge kabla ya kumwandikia furosemaidi.

Kuna na dawa moja. Wagonjwa wanaotumia sakubitrili pamoja na valisatani, dawa iliyothibitishwa na utafiti mkubwa wa mwaka 2014, wamezuiwa kile kimeng'enya kinachokata BNP. BNP yao inaweza kupanda wakati moyo unapata nafuu. Kwao pima NT-proBNP, ambayo haiguswi na kimeng'enya hicho.

Kuhusu damu zingine za kuchukua pamoja: troponini, alama ya msuli wa moyo ulioumia, lazima, lakini usishtuke ikiwa juu kidogo. Moyo unaoshindwa ghafla huvujisha troponini hata bila mshipa wake kuziba; kinachonitia wasiwasi ni inayopanda kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, pamoja na maumivu au mabadiliko kwenye umeme wa moyo. Kreatinini, sodiamu na potasiamu zinaongoza dawa zako. Kiwango cha damu kinakuonyesha kama upungufu wa damu ndio mzigo wenyewe. Homoni za tezi ya shingo, hasa mapigo yakiwa mbio bila mpangilio. Utasikia pia majina ya vipimo vingine vya damu: ST2, galektini-3, na ndugu wa BNP aitwaye MR-proANP. Huyu wa mwisho ana mpaka wake kwenye mwongozo wa Ulaya, 120 pikomoli kwa lita, na anafanya kazi karibu sawa na BNP. Wale wawili husaidia kutabiri nani ataendelea vibaya. Kwa kutambua ugonjwa pale mlangoni havikuongezei kitu.

Kinachoongeza, na kwa kiasi kikubwa, ni mashine ya ultrasaundi. Weka kichwa chake kifuani: mistari mirefu inayoshuka kutoka ukingo wa pafu, mingi, pande zote mbili, ni maji kwenye mapafu. Mistari hiyo upande mmoja, na kipande cha pafu kilichokuwa kigumu kama ini, fikiria nimonia. Kwa yule mama dakika tano zingetosha kuwatia shaka. Sisemi BNP iachwe. Nasema damu inakwambia moyo una mzigo kiasi gani na picha inakuonyesha maji yako wapi, na hayo ni maswali mawili tofauti.

Jambo dogo la maabara linaloharibu majibu bila mtu kujua: damu ya BNP ichukuliwe kwenye chupa ya plastiki yenye EDTA, dawa ya kuzuia damu isigande, na isikae kwenye joto la chumba zaidi ya saa chache, maana homoni hii huharibika. Chupa ya kioo huiharibu haraka zaidi. NT-proBNP ni ngumu zaidi, huvumilia hata siku kadhaa, na hupimwa kwenye seramu au plazima. Kama maabara yenu iko mbali na wodi, hiyo ni sababu nzuri ya kuomba NT-proBNP. Mashine ndogo za kitandani hutoa jibu ndani ya robo saa hivi. Tumia robo saa hiyo kuandika ile namba yako.

Na usipime kila siku. Homoni hii hupanda na kushuka yenyewe, na tofauti ya asilimia 10 au 20 kati ya leo na kesho si habari ya kumbadilishia mtu dawa. Ninapima anapoingia na anapokaribia kutoka. NT-proBNP ikishuka kwa asilimia 30 na zaidi, mgonjwa huyo ana hali njema kuliko yule ambaye haikushuka, na huyu wa pili simruhusu kabla sijamkagua tena maji yaliyobaki.

Kwa wagonjwa wako wawili, ningefanya hivi. Yule baba, sasa mnajua moyo wake una nini. Mpimeni NT-proBNP akishakauka maji, siku ya kutoka, na iandikwe kwenye kadi yake kwa herufi kubwa pamoja na uzito wake siku hiyo. Kwake mipaka ya vitabu haina kazi tena. Akirudi akihema na namba imezidi hiyo mara mbili, ni moyo. Ikiwa ileile, tafuta kingine. Yule mama mwite baada ya wiki sita, nimonia ikiwa imekwisha na figo zimetulia, umpime tena NT-proBNP na umfanyie eko. Ikiwa bado ni 1,100 hivi na eko ni safi, basi hiyo ndiyo namba ya figo zake na umri wake, na tabibu atakayempokea mara ijayo saa nane za usiku ataikuta imeandikwa.